Mablanketi ya Viraka ya Igoma, na Kosa Nililolifanya Mnadani

Pengine mmepata kupita Igoma, mkitoka Mwanza mjini kushika njia ya Musoma. Kando ya barabara wako mafundi cherehani wengi. Mkipita jioni tazameni chini ya meza zao, mtaona vipande vya vitenge vya kila rangi, vingine vyembamba kama utambi wa taa. Zamani vilifagiwa na kuchomwa moto pamoja na takataka. Siku hizi mafundi hawavichomi, maana akina mama wa parokia yetu hupita na mifuko kuviomba. Nataka kuwaelezeni wanavifanyia nini, kisha nitakiri mbele yenu kosa langu mimi mwenyewe, karani wa parokia, niliyesomea ualimu na kudhani kwamba najua hesabu.

Watu wa pwani wana neno mfarishi. Sisi huku bara twasema tu blanketi la viraka, wala hapana aibu katika neno hilo. Mama aliyewafundisha wenzake kazi hii amepita miaka 70. Ameniruhusu niandike habari zake lakini si jina lake, nami namtii. Alijifunza kwa mama yake zamani, wakati nguo ilipokuwa adimu, na shati la baba likichakaa likawa la mtoto, na la mtoto likichakaa likawa kiraka. Nalipomwendea mara ya kwanza nikamwamkia, "Mwangaluka, mayu." Akaitikia bila kuinua kichwa, maana alikuwa akihesabu, akanionesha kwa kidole kigoda cha kukalia.

Labda na ninyi mtapenda kujaribu nyumbani, basi shikeni vipimo. Kitanda cha futi 6 kwa 5 chataka vipande vya mraba vya inchi 6. Urefuni huingia 12, upanani 10, jumla vipande 120. Lakini msikate kwa inchi 6! Kateni kwa inchi 7, ili nusu inchi kila upande iingie katika mshono. Mke wangu aliyasahau haya, na blanketi letu likatoka futi 5 kwa 4 na kidogo. Miguu yangu hulala nje mpaka leo. Tengenezeni kipimo cha boksi gumu la sabuni, mkikatie vyote, visipishane.

Kabla ya kukata, loweka kila kitambaa peke yake katika maji ya chumvi, kisha kisugue kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikiacha rangi, kiweke kando. Kiraka kimoja chekundu chaweza kuharibu kazi ya miezi minne kwa kufuliwa mara moja tu. Vipande huunganishwa kwanza katika mistari, na mistari huunganishwa yenyewe kwa yenyewe. Chini hutandikwa shuka kuukuu, katikati blanketi lililochakaa, juu ile kazi ya viraka. Tabaka zote tatu hupigwa bandi kwa uzi mrefu zisihame, ndipo hushonwa kwa mkono tangu katikati kwenda pembeni. Hapo cherehani haifai sana, maana husukuma kitambaa cha juu na kuacha mikunjo. Miezi ya Juni na Julai, upepo wa ziwa unapokuwa baridi usiku, ndipo mtu huiona faida yake.

Mwaka juzi mwezi wa Juni akina mama walifunga safari kwenda Bujora, Kisesa, ambako si mbali na kwetu, kuangalia Bulabo. Wengi wenu mwajua kwamba Padre David Clement, mmisionari wa Kanada, ndiye aliyeanzisha pale makumbusho ya Wasukuma, na kwamba ngoma za Bagika na Bagalu hushindana siku hizo za sikukuu ya Ekaristi. Wakafunga kamba kati ya miti miwili wakatundika mablanketi sita. Mzee mmoja akasimama kitambo, akauliza ni bendera za kundi gani la ngoma, na dawa yao ni ya nani. Wakacheka mpaka wakakaa chini. Lakini mzee yule alirudi na mkewe, na mkewe aliuliza maswali ya maana kuliko yote tuliyoulizwa siku ile. Alitaka kujua pembe zinakunjwaje.

Bulabo kwa Kisukuma ni maua, na juu ya pembe na maua nina jambo la kuwaambieni. Huko India ya magharibi, katika misitu ya Karnataka, wako watu waitwao Wasidi. Wazee wao walitoka Afrika, wengi kutoka upande wetu huu wa mashariki, wakachukuliwa kwa meli kama watumwa na watumishi, baadhi yao wakapita katika mikono ya Wareno huko Goa. Wengine walitoroka wakajificha misituni. Leo wako Wasidi Wakatoliki, Waislamu na Wahindu, nao husema lugha za huko. Wanawake wao hushona mablanketi ya viraka yaitwayo kawandi kwa nguo kuukuu za nyumbani mwao, na chini hutandika sari iliyochakaa. Wao huanzia pembeni na kuzunguka mpaka katikati, kinyume chetu kabisa. Na katika kila pembe huweka vitambaa vya rangi vilivyokunjwa pembe tatu, ambavyo huviita phula, yaani ua. Blanketi lisilo na phula wao husema li uchi. Mwaka 2004 mtaalamu mmoja wa Marekani, Henry Drewal, alianza kufanya kazi nao, na wakaunda chama cha ushirika ili wauze kazi zao. Nalipowasimulia akina mama habari hii, yule mama yetu alinyamaza, kisha akasema, "Basi wameshona muda wote huo, na sisi hatukujua." Tangu siku ile baadhi yao huku wameanza kuweka ua pembeni. Si mimi niliyewaambia.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Blanketi lake yeye mwenyewe ni la vipande 120 kama yale mengine, lakini lina kipande kimoja, karibu na katikati, ambacho hakikutoka kwa fundi yeyote. Ni cha kanga. Maneno yake yamekatika, zimebaki herufi chache tu zisizosomeka. Ninyi akina mama mwajua kwamba kanga huuzwa doti, vipande viwili vilivyo sawa. Mdogo wake alikuwa na doti hiyo. Alipofunga safari kwenda Bukoba kumtazama binti yake aliyejifungua, alichukua kipande kimoja na kingine akakiacha kwa dada yake, akisema atakifuata akirudi. Alirudi kwa meli ya MV Bukoba. Meli hiyo ilizama karibu na Mwanza asubuhi ya tarehe 21 Mei, 1996, ikiwa imejaa kupita kiasi, wakafa mamia ya watu. Mimi nalikuwa mtoto mdogo, lakini nakumbuka vilio vya watu wazima, na magari yaliyokuja Igoma siku baada ya siku. Wengi wamezikwa hapa kwetu Igoma, na miongoni mwao wako ambao hawakutambulikana. Dada yake alikwenda kutafuta akiwa amejifunga kile kipande kilichobaki, ili akiona mwenzake aijue. Hakukiona. Alikaa na kanga ile sandukuni miaka mingi, kisha panya wakaila upande mmoja. Hapo ndipo alipokata inchi 7 zilizo nzima na kuzishona.

Haya yote sikuyajua siku ya mnada.

Parokia ilikuwa ikitafuta fedha za mabati ya jiko. Siku ya mavuno, baada ya Misa, watu huleta kuku, mihogo, mchele, samaki, nasi hunadi uwanjani. Akina mama walileta mablanketi manne. La tano lilikuwa lake. Alilileta lionekane tu, watu wavutiwe na hayo mengine. Alilikunja akaliweka mwisho wa meza akaenda kusaidia jikoni. Nami, kwa bidii yangu ya ukarani, nikachukua vipande vya karatasi nikaandika bei ya kuanzia juu ya yote matano: Sh. 50,000. Sikuuliza mtu. Nalidhani kitu kikiwa juu ya meza ya mnada kimekwisha uliza chenyewe.

Mgeni mmoja kutoka mjini akalipenda lile lake kuliko yote. Akapanda, mwenzake akapanda, likafika Sh. 150,000. Watu wakashangilia. Mimi nikaandika katika daftari, na moyoni nikahesabu mabati. Ndipo nikamwona mama anakuja toka jikoni akifuta mikono, akasimama mbele ya meza yangu. Hakunigombeza. Alisema kwa sauti ya chini, "Karani, mwanangu, naomba mkasi."

Nikamwuliza wa nini. Akasema, "Mwache alichukue, ni mali ya kanisa sasa. Mimi nitatoa kipande kimoja tu, halafu nimtilie kingine. Sitachelewa."

Nikamwuliza kipande gani, akanionesha, akanieleza kwa maneno machache kuliko niliyoyaandika hapa. Nataka mjue kwamba kwa dakika moja nzima nalifikiri kumpa mkasi. Fedha zilikuwa zimekwisha tajwa, watu wamekwisha shangilia, na aibu ya karani kusimama na kusema amekosea ni kubwa. Mkasi ulikuwa katika saraka yangu. Kisha nikasimama juu ya benchi nikasema kwamba blanketi lile haliuzwi, kwamba kosa ni langu, na mwenye mali hakuulizwa. Wengine wakanung'unika. Mgeni alikunja uso, na nani angemlaumu? Lakini alinunua lingine kwa Sh. 70,000. Jiko letu likaezekwa kwa kuchelewa miezi miwili, na wazee wa parokia walinikumbusha zaidi ya mara moja sababu yake.

Usiku ule nalikumbuka habari za Harriet Powers, mama mweusi wa Marekani, ambazo nalizisoma chuoni bila kuzitia maanani. Alizaliwa mtumwa huko Georgia mwaka 1837. Baada ya utumwa kukomeshwa yeye na mumewe walilima shamba lao karibu na mji wa Athens, katika nchi ya pamba kama yetu. Alishona blanketi lenye picha 11 za habari za Biblia, zilizokatwa kwa vitambaa: Adamu na Eva, Kaini na Abeli, ndoto ya Yakobo, Yuda na fedha zake, Karamu ya Mwisho, Msalaba. Mwaka 1886 alilionesha katika maonesho ya pamba mjini Athens. Mwalimu mmoja wa uchoraji, Jennie Smith, akataka kulinunua palepale. Harriet akakataa bei yoyote.

Miaka kama mitano ikapita, mambo yakawa magumu, na mumewe akamshauri auze. Akaja kwa gari la ng'ombe, blanketi mapajani, amelifunga katika mfuko safi wa unga na mwingine juu yake. Alitaka dola 10. Mwalimu alikuwa na dola 5 tu za kutoa, naye akazipokea. Kabla ya kuondoka alieleza picha moja moja, na mnunuzi akaandika maelezo yote. Ni kwa sababu ya maandishi hayo twajua leo kila picha ina maana gani. Baadaye Harriet alirudi mara kadhaa nyumbani kwa yule mwalimu kulitazama tu. Alifariki mwaka 1910. Blanketi hilo liko Washington katika makumbusho ya taifa, na la pili aliloshona liko Boston.

Watu husifu sana kwamba kazi yake imefika makumbusho. Na ni kweli, yafaa kusifiwa. Lakini mimi kila nikiwaza habari hii namwona akishuka kwenye gari la ng'ombe, na tena akibisha hodi kwa watu ili aoneshwe kitu alichokishona mwenyewe. Yeye angalau aliulizwa, akakataa, na alipouza aliuza kwa kinywa chake.

Hapa kwetu sasa akina mama wameweka utaratibu, nao hawakuniita nilipouweka. Kila anayeleta blanketi hutia uzi pembeni: uzi mweupe ni la kuuza, uzi mwekundu ni la kuonesha tu. Asiyejua kusoma aweza kufanya hivyo sawa na anayejua. Na bei hutajwa na mshonaji. Karani kazi yake ni kuandika anachoambiwa.

Mwezi wa Mei mwaka huu nalipita kwake siku mbili kabla ya kumbukumbu ya meli. Blanketi lilikuwa limetandikwa juu ya ua wa nyumba lipate jua. Alikuwa akishona jingine, la mjukuu wake aendaye kuolewa. Akaniambia niketi. Kisha akanipa kijaluba cha sindano, maana macho yake hayaoni tundu tena. Nikazitia uzi sindano saba, akazichomeka zote katika mto mmoja baada ya nyingine, za kazi ya juma zima.