Mgonjwa wa kiharusi: tusiishie kuuliza kama ashaanza kutembea

Mtu akipatwa na kiharusi huku kwetu Pwani, wanaokuja kumzuru huuliza: "Ashaanza kutembea?" Akiinuka na kushika mkongojo, tunamshukuru Mungu na kuhesabu kwamba amepona. Mimi naona swali hilo halitoshi, na wataalamu wa afya waliliona hilo kitambo.

Kipimo kimoja cha zamani kinachotumika hadi leo ni cha Barthel, kilichochapishwa Marekani mwaka wa 1965. Huhesabu alama 0 hadi 100 katika mambo kumi: kula, kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kupanda ngazi na mengine ya aina hiyo. Kinafaa kujua mgonjwa anahitaji msaada kiasi gani. Lakini mtu aweza kupata 100 kamili na maisha bado yamemshinda: majina hayakumbuki, maneno yanamkwama, usiku halali, barazani haendi tena.

Ndipo vikaja vipimo vya ubora wa maisha. Kinachojulikana sana ni EQ-5D, nacho kina tafsiri ya Kiswahili. Huuliza mambo matano: kutembea, kujihudumia, shughuli za kila siku, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Kisha mgonjwa huonyeshwa mstari uliosimama kama kipimajoto, wenye 0 chini na 100 juu, aonyeshe mwenyewe afya yake ya leo iko wapi. Kiko pia kipimo cha kiharusi chenyewe, Stroke Impact Scale, cha mwaka wa 1999. Hicho hugusa nguvu za mwili, mkono, kumbukumbu, mawasiliano, hisia, na hata kushiriki katika jamii na ibada. Kwa lugha yetu ni kumuuliza: msikitini au kanisani wafika? Arusi ya mpwao ulikwenda?

La muhimu ni nani anayejibu. Mara nyingi mke, mume au mtoto humjibia. Tafiti zimeonyesha kwamba wauguzaji huelekea kuona hali kuwa mbaya kuliko anavyoiona mgonjwa, na hutofautiana naye zaidi katika mambo yasiyoonekana, kama huzuni. Basi aulizwe mwenyewe. Aliyepotewa na usemi huenda bado anaelewa. Muulize swali fupi, mpe nafasi atikise kichwa au aonyeshe kwa kidole.

Nasisitiza huzuni kwa sababu takriban mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi hupatwa na sonona. Nyumbani tunasema, "Huyu mvivu wa mazoezi," kumbe moyo umemvunjika. Ugonjwa huo una tiba, lakini hautibiwi usipotajwa, na asiyetibiwa hukosa hamu ya mazoezi yenyewe.

Ningependa kila kliniki ya presha iulize maswali haya. Wakati tukingoja, nyumbani tusikae bure. Chukueni daftari, andikeni tarehe, mumuulize mgonjwa yale mambo matano na alama yake kati ya 0 na 100. Rudieni kila mwezi, na siku ya kliniki nendeni na daftari hilo. Alama ikishuka, mwambieni daktari hata kama mgonjwa ameingia pale kwa miguu yake.