Musinunue rangi, mununue moteri: pikipiki ya okazio kwa koperative



Wakati wa kahawa, matunda mekundu yanapaswa kufika kwenye kituo cha kuoshea siku ile ile yalipovunwa. Pikipiki ikizimika njiani na magunia mawili nyuma, kahawa inaanza kuchacha na bei inashuka. Ndiyo maana koperative nyingi zinataka pikipiki yao. Mupya ni bei kali, basi tunatafuta ya okazio. Si vibaya. Lakini zile feza ni za wanachama wote, kwa hiyo tuangalie vizuri mbele ya kulipa.

Kabla ya kwenda
Musitume mutu mumoja. Muende watatu: mutu wa komite, mwenye ataendesha, na fundi. Fundi mumulipe ninyi wenyewe. Yule anayeletwa na muuzaji anakula kwa muuzaji. Muende muchana. Siku ya kwanza feza zibaki kwa kesye.

Moteri
Muguse moteri mbele haijawashwa. Ikiwa na joto, muuzaji amekwisha kuiwasha, pengine ili musijue kama asubuhi inasumbua. Mungoje ipoe, halafu muwashe ninyi.

Muangalie moshi. Moshi wa buluu usioisha: moteri inakula mafuta, segma na pistoni zimechoka. Moshi mweusi: esanse inapita kiasi, mara nyingi ni karbiratere ao filtre ya hewa, na hiyo ni kazi ndogo. Kisha mufungue kifuniko cha mafuta. Yakiwa kama maziwa, maji yameingia. Yakiwa na vipande vidogo vya chuma vinavyongaa, muiache pikipiki hiyo.

Shene, shasi na kontere
Muvute shene nyuma ya pinyo kubwa. Ikiachana na meno, imeisha. Meno yakipindama kama ndoana, shene na pinyo zote mbili zibadilishwe pamoja, kwani shene mupya juu ya pinyo mbovu haidumu. Muangalie kama shasi ilichomelewa chini ya rangi mupya. Kwenye barabara nyoofu, pikipiki isivute upande mumoja. Kontere inadanganywa kwa urahisi: inatosha kuchomoa kamba yake. Muangalie kaoshu ya pedali na kiti. Hivyo vinasema ukweli.

Karatasi
Hapa ndipo hasara kubwa iko. Namba ya shasi na ya moteri zilingane na karatasi, tarakimu kwa tarakimu. Namba iliyokwaruzwa na tupa: muondoke. Pikipiki ya wizi inaweza kukamatwa, na feza hamutaziona tena. Munda muandike mapatano ya kuuza: majina, namba, bei, tarehe, sahihi za mashahidi wawili, na fotokopi ya kitambulisho cha muuzaji. Muandike jina la koperative, si la prezida.

Kupatana bei
Fundi aandike yote yanayopaswa kutengenezwa, kisha muulize bei kwenye duka la vipuri. Mufano tu: muuzaji anaomba dola 600. Shene na pinyo 25, mapine mawili 60, segma na pistoni 50, kazi ya fundi 20. Jumla 155. Basi pikipiki hiyo musiilipe zaidi ya 445. Akikataa, musione haya kurudi nyumbani.

Kwenye gareji
Mupatane bei ya kazi mbele ya kufungua moteri. Ikiisha kufunguliwa, fundi ndiye anatawala bei. Vipuri munune wenyewe, pamoja na mafuta ya kopo lililofungwa. Mwanachama mumoja abaki pale mupaka mwisho. Muombe vipuri vya zamani mwende navyo: hapo munajua vilibadilishwa kweli, na havitauziwa mwingine. Kisha kila matengenezo yaandikwe katika kaye moja: tarehe, kilomita, kipuri, bei. Kaye hiyo isomwe kwenye mukutano mukubwa, ili kila mwanachama ajue feza zake zilikwenda wapi.

Ukurasa huu mubebe siku ya kwenda kununua. Mumoja asome, fundi aguse, mwingine aandike.