Uzi ukibadilika, mguu haubadiliki: namna ya kufuma soksi za misokoto kwa uzi mwembamba



Wengine watashangaa kuona sisi wachungaji tunaandika juu ya soksi. Lakini wanaoishi kwenye milima ya Lubero wanajua baridi ya asubuhi. Katika parokia yetu wamama hufuma soksi kwa ajili ya wazee, na zinazobaki huuzwa ili kusaidia watoto kulipa masomo. Kwa hiyo soksi ikiharibika, si jambo dogo kwetu.

Wamama wetu walikuwa na mfano mmoja wanaoupenda: soksi yenye misokoto sita inayoteremka mguuni kama kamba zilizosukwa. Mfano huo ni wa uzi mnene, vitanzi 48 kwa mzunguko. Siku moja sokoni hakukuwa na uzi mnene. Tulinunua mwembamba kwa pesa za kikundi, tukaanza na vitanzi 48 vilevile. Soksi ya kwanza ilitoka na mzingo wa sm 15 tu. Mzee tuliyemkusudia hakuweza kuipitisha hata kwenye vidole, tukampa mjukuu wake. Nyingine zilizokuwa zimeanzwa tukazifumua.

Mfano ulikuwa mzuri, na uzi pia. Tulichosahau ni kupima. Tangu siku ile tunafuata hatua hizi.

Kwanza, tunafuma kipande cha kujaribia. Chukueni sindano nyembamba, kama za milimita 2.5, ili kitambaa kishikane na kudumu. Wekeni vitanzi 40, na mfume kipande chenye misokoto yenyewe. Msifume kitambaa laini tu, kwa sababu misokoto huvuta kitambaa na kukifanya chembamba. Kioshe, kikauke, kilaze mezani bila kukivuta, halafu hesabuni vitanzi katika sm 10. Sisi tulipata 32, wakati uzi mnene ulitupa 21.

Pili, tunapima mguu. Zungusheni utepe mahali penye unene pa wayo. Mguu wa mzee wetu ulikuwa sm 25. Soksi nzuri hupungua karibu sehemu moja ya kumi, ili ivutike na isiteleze. Basi tunatafuta sm 22.5. Kila sentimita ina vitanzi 3.2, 22.5 mara 3.2 ni 72.

Tatu, tunagawanya misokoto. Katika mfano wa zamani kila msokoto ulichukua vitanzi 8: sita vya mbele vya kusokota, na viwili vya nyuma vya kuutenga na mwenzake. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuacha msokoto jinsi ulivyo na kuongeza idadi yake: 72 kugawanya kwa 8 ni misokoto tisa. Lakini tisa haigawanyiki katikati, na kisigino kinahitaji nusu ya vitanzi. Ya pili, ambayo sisi tuliichagua, ni kubaki na misokoto sita na kuipanua: vitanzi 12 kwa kila mmoja, yaani viwili vya nyuma, vinane vya kusokota, viwili vya nyuma. Hivyo nusu ni vitanzi 36: misokoto mitatu kamili inabaki juu ya mguu, na 36 vingine vinafanya kisigino bila misokoto.

Nne, tunapima urefu kwa sentimita, si kwa kuhesabu mizunguko ya karatasi ya zamani. Kwa uzi mnene tulivukisha vitanzi kila mzunguko wa 6, yaani kila sm 2. Kwa uzi mwembamba sm 2 ni mizunguko 8. Anayevukisha mapema kuliko hapo hukaza msokoto, na soksi inakuwa ngumu kuvaa. Kisigino na wayo pia vipimwe kwa utepe.

Mwisho, mkishafuma sm 5, simameni na mjaribu mguuni. Kufumua sm 5 hakuumi kama kufumua soksi nzima. Kisigino kifumeni kwa nyuzi mbili pamoja, maana uzi mwembamba huisha haraka pale.

Wapendwa, Bwana wetu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba aketi kwanza na kuhesabu. Sisi tulihubiri neno hilo mara nyingi kabla ya kulisahau mbele ya kikapu cha nyuzi. Yule mzee alipata soksi zake kwa jaribio la pili. Alizivaa ibada ya Jumapili, na akainua suruali kidogo ili wote waone.

Bwana abariki kazi ya mikono yenu.