Njia ya Pili ya Maji Katika Pikipiki ya Majini

Pikipiki ya majini inayoendeshwa kwa kusimama, ambayo kampuni ya Kawasaki ya Japani ilianza kuiuza mwaka 1973, haina rejeta. Pampu inayoisukuma huchepusha maji kidogo, yakapanda kwa mpira mmoja hadi kwenye injini, kisha yakatoka ubavuni kama mchirizi.

Katika injini nyingi za namna hiyo, maji hupitia kwanza penye eksozi, yakapata joto, ndipo yafike kwenye silinda. Injini iliyoongezwa nguvu kwa ajili ya mashindano hayaitoshi maji hayo: pistoni huvimba na kukwama, na mwendeshaji akabaki mbali na nchi kavu.

Hivyo basi mafundi huongeza njia ya pili. Ganda la pampu hutobolewa nyuma ya pangaboi, penye maji ya nguvu. Tundu hukatwa hesi, ikafungwa nipeli, na mpira mpya ukapeleka maji baridi moja kwa moja kwenye silinda. Tundu la kutokea nalo huongezwa, kwani maji yasiyo na pa kutokea hayapozi kitu.

Hata hivyo, njia mbili zilizozibwa na mchanga na chumvi hazishindi moja iliyo safi. Baada ya safari ya baharini injini huoshwa kwa maji yasiyo na chumvi: huwashwa kwanza, ndipo bomba lifunguliwe, na bomba hufungwa kabla ya injini kuzimwa, maji yasije yakaingia ndani ya silinda. Mchirizi wa ubavuni ukikatika safarini, mwendeshaji mwenye busara huzima injini papo hapo. Tahadhari kabla ya hatari.