Mbele ya kubadilisha motere ya gari ya koperative

Ndugu wanachama, gari ikishindwa kupanda mulima na mifuko ya mahindi, watu wanasema mara moja: motere ni ndogo, tubadilishe. Mungoje kidogo. Ikitoa moshi mweusi, muangalie filtre ya hewa. Motere ikilia sana lakini gari haisogei, hiyo ni ambreyaje inateleza. Halafu fundi apime kompresio. Yote hiyo ni bei kidogo kuliko motere nzima.

Kama imechoka kweli, mutafute ya jamaa yake. Hilux nyingi za mazutu ziko na Toyota 2L, ya litre 2,4. 3L, ya litre 2,8, inaingia pale pale, na bwate ya vitesi inabaki ileile. Lakini mukileta motere ya jamaa ingine, fundi atakata, atachomelea, atabadilisha bwate na nyaya, na feza ya mavuno inaishia kwa gareji. Na vipande vyake, hapa Nyunzu mutavipata wapi?

Freni na resore zinabaki za zamani. Gari iliyobeba mifuko 10 ibebe 10, zaidi sana kama kuna miteremko.