Kuhamisha Maktaba ya Muziki (Sehemu ya Pili): Sauti Hufika, Maelezo Hubaki Njiani

Katika sehemu ya kwanza tulizungumzia vyombo vya kuhifadhia: diski za nje, flashi, memori kadi na akaunti za mtandaoni. Kwa upande wa nafasi, tatizo limekwisha. Wimbo wa dakika tano uliobanwa katika MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde haufiki megabaiti tano, kwa hiyo nyimbo 5,000 za namna hiyo zinaenea katika gigabaiti 24 hivi, na memori kadi ya gigabaiti 32 inazimeza zote. Ndiyo maana wengi huona kwamba kuhama kutoka kompyuta ya zamani kwenda mpya ni kazi ya kunakili folda na kusubiri. Na kweli, sauti hufika salama. Kinachobaki njiani, mara nyingi bila mwenyewe kugundua hadi miezi imepita, ni maelezo: nani aliimba, akiwa na bendi gani, mwaka gani, na wimbo ulikuwa katika orodha ipi. Kwa mkusanyaji wa muziki wa Afrika Mashariki, nashikilia kwamba maelezo hayo ndiyo ya kulindwa kwanza. Sauti ikipotea, huenda mtu mwingine anayo. Maelezo yakipotea, hakuna programu ya kuyarudisha.

Tuanze na mahali yanapokaa. Sehemu ya maelezo imo ndani ya faili yenyewe, katika lebo iitwayo ID3. Toleo la kwanza la lebo hiyo, la mwaka 1996, lilikuwa kipande cha bayti 128 kilichobandikwa mwishoni mwa faili, nalo lilitenga herufi 30 tu kwa jina la wimbo, 30 kwa mwimbaji na 30 kwa albamu, nafasi kati ya maneno zikiwemo. Aliyeandika kwa ukamilifu “Orchestra Safari Sound wana Masantula” aliishia na “Orchestra Safari Sound wana Ma”. Matoleo yaliyofuata yaliondoa kikomo hicho, lakini redio za magari na vichezeo vya bei nafuu vinavyosoma lebo ya zamani tu bado vipo, na zipo faili zilizobeba lebo mbili zinazopingana. Sehemu nyingine ya maelezo imo katika jina la faili na la folda. Hapo balaa ni kubwa zaidi, kwa sababu jina hubadilishwa na kila anayelishika. Wimbo uliotumwa kwa WhatsApp kama sauti huweza kuhifadhiwa simuni kwa jina la mtindo wa AUD-20190412-WA0003, yaani tarehe na namba basi. Ukihama na folda ya faili mia nne za namna hiyo, zisizo na lebo ndani, umehama na kelele.

Msomaji atasema kwamba siku hizi programu hutambua nyimbo zenyewe. Hutambua, ila tuangalie zinavyofanya. CD ya kawaida ya muziki kwa kawaida haina majina ndani yake. Kompyuta inapoonyesha majina, imepima urefu wa kila wimbo na mpangilio wake, kisha ikauliza hifadhidata ya mtandaoni kama vile CDDB, iliyoanza miaka ya 1990 na baadaye kuitwa Gracenote. CD iliyochomwa kibandani, nyimbo kumi na mbili za bendi tano kwa mpangilio wa mteja, haipo popote katika hifadhidata hizo. Programu nyingine husikiliza sauti yenyewe na kuilinganisha na alama zilizosajiliwa, nazo ni hodari kweli, lakini zinajua kile tu ambacho mtu fulani alikwisha kukisajili. Sehemu kubwa ya muziki wa dansi wa Tanzania ilirekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam kwa ajili ya kurushwa hewani. Nyimbo nyingi hazikuwahi kutolewa kama santuri, zikasambaa kwa kaseti zilizorekodiwa majumbani kutoka redioni. Rekodi ya namna hiyo ikiingia katika kompyuta haina albamu, na mashine haina pa kuilinganisha.

Hata sikio la mjuzi halitoshi. Bendi iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz ikawa JUWATA Jazz mwishoni mwa miaka ya 1970, ikawa OTTU Jazz mwanzoni mwa miaka ya 1990, na leo ni Msondo Ngoma. Jina lililoandikwa kwenye kaseti linakupa kipindi cha rekodi hata kama mwaka haukuandikwa. Muhidin Maalim Gurumo aliimba NUTA, akaenda Mlimani Park mwaka 1978, akapita Safari Sound katikati ya miaka ya 1980, kisha akarudi alikotoka. Anayeitambua sauti ya Gurumo bado hajajua bendi. Kwa hiyo programu ya “kusafisha” maktaba inapounganisha majina yote manne ya bendi ile kuwa moja ili orodha ipendeze, imefuta ushahidi wa tarehe.

Aina ya tatu ya maelezo haimo katika faili hata kidogo. Orodha ulizopanga, mara ulizousikiliza wimbo, nyota ulizoupa: mara nyingi hayo hukaa katika hifadhidata ya programu unayotumia, na ukinakili folda ya nyimbo peke yake, hayafuati. Orodha huweza kutolewa kama faili ya M3U, ambayo ukiifungua kwa programu ya kuandikia utakuta ni mistari ya maandishi tu, mfano C:\Muziki\Taarab\Bi Kidude\03.mp3. Simu haina C, kwa hiyo orodha inafunguka tupu. Dawa ni kuitoa orodha kwa njia inayoanzia ndani ya folda ya muziki yenyewe, Taarab/Bi Kidude/03.mp3, na kuiweka faili ya orodha humo humo. Ni kazi ya dakika chache, ila ifanywe kabla kompyuta ya zamani haijafutwa au kuuzwa.

Kuhusu utaratibu wa nakala sina mengi. Nakili kwanza, rekebisha lebo baadaye, na nakala ya kabla ya marekebisho iwekwe kando isiguswe. Kusawazisha simu na akaunti ya mtandaoni si kuweka nakala: ukifuta huku, kule nako kunafutwa, na lebo iliyoharibiwa huku inaharibika kule. Mpiga picha Peter Krogh alieneza kanuni ya nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba, nayo inafaa muziki kama ilivyofaa picha zake. Baada ya kunakili, linganisha idadi ya faili na ukubwa wa jumla pande zote mbili. Majina yenye nukta pacha au alama ya kuuliza, ambayo Linux huyakubali, hukataliwa na flashi za kawaida, na programu nyingine huruka faili hizo bila kelele.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kumiliki faili kumepitwa na wakati. Kila kitu kiko mtandaoni. Mwezi Machi 2019 MySpace ilikiri kwamba muziki uliopandishwa tangu 2003 hadi 2015 ulipotea katika kuhamisha seva. Zilitajwa nyimbo zaidi ya milioni 50. Internet Archive iliweza kuokoa takriban 490,000 tu, kwa kuwa zilikuwa zimekwisha kunakiliwa kwingine. Huduma ya Google Play Music, iliyoruhusu mtu kupandisha nyimbo zake mwenyewe, ilifungwa Desemba 2020. Ambaye hakuhamisha kufikia Februari 24, 2021, vyake vilifutwa. Kampuni iliweka tangazo na njia ya kuhama, hilo tukubali, lakini tangazo halimfikii aliyekwisha kusahau anwani yake ya barua pepe. Na hata pale wimbo wa zamani unapopatikana YouTube, mara nyingi ni mpenzi mmoja aliyeupandisha kutoka kaseti yake, na jina ni lile alilolidhania.

Lipo pingamizi la uchovu: nani ataandika lebo za nyimbo elfu tano? Hana haja. Nyimbo zilizouzwa rasmi programu kama MusicBrainz Picard itazishughulikia, na Mp3tag huandika jina la bendi kwenye faili mia kwa mpigo. Kazi ya mkono ibaki kwa zile chache zisizojulikana na mashine: za harusini, za redioni, za kaseti ya shangazi. Katika hizo andika kile kinachosomeka kwenye karatasi ya kaseti hata kama kina makosa, na katika sehemu ya maoni taja ulivyoipata. Usipojua mwaka, acha wazi. Ukikisia mwimbaji, weka alama ya kuuliza, ila iwe ndani ya lebo, maana katika jina la faili, kama tulivyoona, flashi itaikataa.