Kilio cha saa moja jioni

Saa moja jioni hapa Kihanga, mkoani Kagera, moshi wa majikoni umeshaanza kutanda juu ya migomba na ndizi zinatokota. Ndiyo saa ambayo mwanangu wa kwanza alikuwa akianza kulia. Ameshanyonya, nguo ni kavu, mwili hauna joto, lakini analia tu, ngumi amezikunja, magoti ameyavuta tumboni, uso umemwiva. Kila aliyepita uani alikuwa na jibu lake. Mmoja alisema chango. Mwingine alisema maziwa yangu mepesi. Wa tatu akaniambia nimwache alie, la sivyo atazoea kubebwa na sitashika jembe tena.

Wote walinitakia mema. Lakini huo ushauri wa tatu ulinikosesha usingizi kuliko kilio chenyewe, maana nilianza kumwogopa mtoto wangu, kana kwamba kila nikimwinua namharibu.

Kumbe kilio hicho kina ratiba yake. Huanza kuongezeka mtoto akiwa na wiki mbili hivi, hufika kileleni karibu na wiki ya sita, kisha hushuka, na kwa watoto wengi kufikia miezi mitatu au minne kimeshatulia. Hupenda jioni. Mwaka 1954 daktari wa watoto wa Marekani, Morris Wessel, alitoa kipimo ambacho bado kinatajwa: mtoto mwenye afya njema anayelia zaidi ya saa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa wiki, kwa zaidi ya wiki 3. Sababu hasa haijapatikana hadi leo, ingawa gesi husingiziwa kila siku.

Mwaka huohuo wa 1954, mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda, kwa majirani zetu ambao ukivuka Mto Kagera pale Murongo, Kyerwa, umeshaingia kwao. Alizunguka vijiji vya karibu na Kampala, akikaa sebuleni kwa kina mama wa Kiganda na kutazama jinsi wanavyolea. Kitabu chake kuhusu watoto 28 aliowafuatilia kilitoka mwaka 1967. Baadaye, huko Baltimore, yeye na Silvia Bell walifuatilia watoto wengine mwaka mzima, wakachapisha mwaka 1972 jambo ambalo ningependa lisomwe kwenye kila kliniki: watoto waliochukuliwa haraka walipolia katika miezi ya mwanzo walilia pungufu kuliko wenzao mwaka ulipokuwa unaisha. Wengine walilibishia, na mjadala haujafungwa. Mimi naliamini, kwa sababu nimeliona.

Mbeleko nayo imepimwa. Huko Montreal, utafiti uliochapishwa mwaka 1986 uliwaomba wazazi wawabebe watoto wao kwa saa zaidi kila siku, hata wakiwa hawalii, tena kabla kilio hakijapanda. Kufikia wiki ya sita watoto hao walilia pungufu kwa asilimia 43 kuliko wenzao. Kwa Wasani wa Kalahari waliochunguzwa, ambao mtoto wao alikaa mwilini mwa mama karibu kutwa na kunyonya mara nyingi kila saa, watoto walianza kulia mara nyingi kama wengine, ila kila kilio kilikatika mapema. Kwa hiyo mama anayebeba na bado mtoto analia hajakosea popote. Kubeba hufupisha kilio, hakukiondoi.

Watafiti wa Japani waliongeza jambo dogo mwaka 2022: tembea na mtoto dakika 5 bila kusimama, akisinzia keti naye dakika 5 hadi 8, ndipo umlaze. Ukimlaza mara tu anapofumba macho, huamka.

Ninachokiogopa ni kilio kinapopelekwa kwa mganga wa vichochoro. Bado wapo wanaofungua fizi za kichanga kutoa wanachokiita meno ya plastiki. Hayo ni meno halisi ambayo hayajachomoza. Jeraha la fizi huleta kuvuja damu na maambukizi, na watoto wamekufa. Mitishamba ya chango nayo haina nafasi katika tumbo ambalo hadi miezi sita linahitaji maziwa ya mama peke yake. Na mtoto akikataa kunyonya, akiwa na joto la nyuzi 37.5 au zaidi, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, akipata degedege au akilegea, usisubiri kukuche. Malaria haina subira mkoani Kagera.

Jioni moja ya wiki ya sita mikono yangu ilianza kutetemeka kwa hasira, na niliogopa. Kumtikisa mtoto mchanga kunaweza kuujeruhi ubongo wake, na anayefanya hivyo mara nyingi ni mtu mzima aliyechoka tu. Nilimlaza chali mahali salama, nikatoka nje nikasimama penye mikahawa. Mama mkwe alinikuta pale. Hakuniuliza kitu. Aliingia ndani, akamfunga mtoto mgongoni kwa kitenge, akashika njia ya shambani akimwimbia Kinyambo kwa sauti ya chini. Nilikula, nikaoga. Aliporudi giza lilikuwa limeshaingia, akaniambia, "Bado hajalala, lakini ametulia. Kesho saa kumi na mbili na nusu nitakuwa hapa."

Alikuja kila jioni hadi maharage yakavunwa.